Kijana, Mwache Amalize

Jumapili yangu ya kwanza na wale wazee niliiharibu kwa kidole kimoja.

Ilikuwa 2016, Nakuru, katika ukumbi mdogo wa hoteli ambao hukodishwa kwa harusi za watu wachache na mikutano ya vyama. Kikundi cha wastaafu, wengi wao walimu, makarani na watu wa reli, kilikuwa kikikutana hapo kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kuanzia saa tisa alasiri. Chai, sambusa, mazungumzo, na muziki wa ujana wao. Dijei wao alikuwa amehamia Mombasa, jirani yangu akanipendekeza. Nilikuwa na miaka 29, nikipiga muziki kwenye sherehe za vijana, na nilidhani kazi hii itakuwa mteremko. Nyimbo za kizungu za zamani? Nilikuwa nazo zaidi ya mia nne kwenye flashi.

Saa moja ya kwanza ilienda vizuri. Kisha nikaweka "Coward of the County" ya Kenny Rogers, ukumbi ukatulia. Vikombe vikakaa mezani. Waliokuwa wakinong'onezana wakanyamaza. Kwenye sherehe nilizozoea, ukumbi ukitulia hivyo maana yake wimbo umekufa, unaubadilisha kabla watu hawajaanza kutazama simu. Nikasukuma kitufe, nikaingiza ABBA.

Mguno uliopanda pale sijawahi kuusikia kwingine. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu aliinuka, akaja polepole hadi mezani kwangu akiegemea mkongojo wake, akainama sikioni.

"Kijana, mwache amalize. Ndiyo kwanza amefunga mlango."

Sikujua anasema mlango gani. Niliomba radhi, nikaurudisha wimbo mwanzo, nikasimama nyuma ya mashine zangu bila kuelewa kosa langu ni lipi hasa.

Usiku ule nilikaa na wimbo huo mara tatu mfululizo, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikiliza ingawa nilikuwa nimeupiga mara nyingi. Ni hadithi, na inasimuliwa na ami wa kijana anayeitwa Tommy. Baba yake alifia gerezani Tommy akiwa na miaka kumi, na kabla ya kufa alimwapisha mwanawe asije akapigana, ageuke aondoke. Kijana akakua akiitwa mwoga na kila mtu. Kisha wanaume watatu wa ukoo mmoja wakamvamia mpenzi wake nyumbani yeye akiwa kazini. Tommy anaitoa picha ya baba yake ukutani, anaitazama, analia, halafu anaingia kwenye baa walimo wale watu. Wanamcheka. Anageuka kama anayetoka, anafika mlangoni, anasimama. Anaufunga kwa ndani.

Hapo ndipo mimi nilipoukata.

Wimbo ule ulitoka 1979. Wale wazee walikuwa wameusikia mamia ya mara, wanajua kinachofuata baada ya mlango kufungwa, na bado walikuwa wamekaa kimya kukisubiri. Bibi yangu akianza hadithi ya sungura hakuna mjukuu aliyekuwa akimwambia tunaijua. Ukimya ule niliouona kuwa dalili ya kuchoka ulikuwa wa watu waliokaa barazani hadithi ikiwa imekolea. Tangu siku hiyo sijawahi kuukata wimbo wa mzee yeyote. Na kwa kweli hakuna haja, kwa kuwa nyingi ni fupi mno. Zile za miaka ya 1950 na 1960 zilitengenezwa zitoshee upande mmoja wa sahani ndogo ya santuri na zipate nafasi redioni. "He'll Have to Go" ya Jim Reeves haifiki dakika mbili na nusu. Mtu asiyeweza kumvumilia mwimbaji dakika mbili na nusu hana sababu ya kushika mashine.

Watu wa mbali hushangaa nikiwaambia kwamba Wakenya wa umri ule wanaipenda kantri, muziki wa mashambani Marekani, kiasi hicho. Lakini waulize. Sauti ya Kenya, redio ya taifa, ilikuwa na idhaa ya Kiswahili na idhaa ya Kiingereza, na hata baada ya jina kubadilika kuwa KBC mwaka 1989, jioni za idhaa ya Kiingereza zilibaki na nyimbo hizi za polepole. Nyumba yenye redio ilikuwa nyumba ya majirani wote. Mtoto aliyelala chumba cha pili alizisikia kupitia ukutani, na wengi wa wazee wangu walianza hivyo, Kiingereza chao kikiwa bado cha darasa la tatu. Nyimbo zenyewe zina mambo wanayoyajua: shamba, baba mkali, mama anayeomba, mtu aliyeenda mjini akapotea, treni, kanisa. Dolly Parton anaimba juu ya koti aliloshonewa na mama yake kwa vipande vya vitambaa, watoto shuleni wakamcheka. Nani kati yao hakuvaa kaptura yenye viraka?

Nilipoanza kuwazoea nikagundua kwamba wanasikia vitu nisivyovisikia mimi. Hili lilinichukua muda kulikubali, kwa sababu masikio yao ni mabovu kwa kipimo chochote cha daktari. Wawili wanavaa vifaa vya kusaidia kusikia.

Mwezi wa tatu au wa nne niliweka "When a Man Loves a Woman" ya Percy Sledge. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu mpole asiyependa kulalamika, aliacha kucheza katikati ya ukumbi, akamwomba radhi mama aliyekuwa akicheza naye, akaja.

"Huyu siye."

"Ndiye, Mwalimu. Percy Sledge mwenyewe. Jina hili hapa."

Akasikiliza tena kidogo, kichwa amekiinamisha upande. "Sawa, ni yeye. Lakini si siku ile."

Alikuwa sahihi, nami sikulijua hilo ingawa ndiyo kazi yangu. Waimbaji wengi wa enzi hizo walirekodi nyimbo zao maarufu upya miaka mingi baadaye. Rekodi ya kwanza kwa kawaida ni mali ya kampuni iliyoitoa. Mwimbaji aliyepungukiwa na kazi akitokewa na kampuni ndogo yenye kumlipa, anaingia studio, anauimba wimbo uleule kwa sauti iliyozeeka, na kampuni hiyo inauza kaseti na sidii za bei rahisi zenye picha ya ujana wake. Ndizo zilizojaa kwenye vibanda vyetu, na kutoka vibandani zikaingia kwenye flashi kama yangu. Nilipoanza kuzipekua zile mia nne na kitu, nilikuta sehemu kubwa ni hizo.

Nilimuuliza Mwalimu amejuaje. Akaniambia, "Tarumbeta zimenyooka mno."

Nilikwenda kutafuta. Rekodi ya kwanza ilifanywa Sheffield, mji mdogo wa jimbo la Alabama, mwaka 1966, na mwimbaji wakati huo alikuwa kijana aliyekuwa mhudumu wa hospitali. Wanaosimulia historia yake wanasema wakubwa wa kampuni ya Atlantic walilalamika kwamba tarumbeta za mwishoni hazikuwa sawa na ala nyingine, zinayumba kidogo, wakataka zirudiwe. Zikarudiwa. Lakini mkanda uliokwenda kutengenezewa sahani ukawa ule wa kwanza, wenye makosa, na ndio uliopanda hadi namba moja Marekani. Mwalimu, aliyeununua kwa akiba yake ya miezi akiwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, aliishi na tarumbeta zile zinazoyumba nusu karne. Mimi nilikuwa nimemletea zilizonyooka.

Ilinibidi nianze upya. Nilitumia karibu mwaka mzima kusaka rekodi za awali, moja moja, nikilinganisha urefu wa kila wimbo na urefu uliochapishwa kwenye sahani ya zamani. Zikipishana kwa sekunde kumi au kumi na tano, nilitilia shaka. Nikisikia kinanda cha umeme chenye sauti ya miaka ya 1980 kwenye wimbo wa 1961, nilifuta papo hapo. Zile mia nne zikashuka hadi mia na sitini hivi, na hizo ndizo ninazopiga, pamoja na chache nilizoongeza polepole.

Jambo la pili walilonifundisha ni besi. Vijana wanataka wufa, ile spika kubwa ya besi, ikupige kifuani. Niliufikisha mtindo huo pale ukumbini, na kila nilipoweka Jim Reeves mzee wa kofia ya sufu alikuwa akikunja uso. Nilidhani sauti ni kubwa, nikapunguza, bado akakunja. Siku moja akaniita nikae naye kwenye meza yake, mbali na mashine, nisikilize kutoka pale. Niliposikia kutoka kwenye kiti chake nilitaka kujificha. Sauti ya mtu yule ilikuwa imezama kwenye ngurumo kama mtu anayezungumza ndani ya pipa.

Jim Reeves hakuanza kwa kuimba vile. Wimbo wake wa kwanza mkubwa, wa 1953, aliuimba kwa sauti ya juu na ya nguvu kama waimbaji wa baa za Texas. Baadaye akaishusha sauti, akasogea kwenye kipaza sauti hadi midomo ikakaribia kukigusa, na akaimba kama anayezungumza na mtu mmoja tu. Mtayarishaji wake, Chet Atkins, akaondoa fidla na makelele, akamwekea piano ya taratibu na waitikiaji wachache nyuma. Kwa hiyo kila kitu katika rekodi zile kimepangwa ili uisikie pumzi yake. Sikio la mtu wa miaka sabini limeshapoteza sauti nyembamba za juu, zile zinazotenganisha neno na neno. Ukimwongezea besi, unamnyang'anya na kile kidogo kilichobaki. Nikazima wufa, nikainua sauti za kati, nikazishusha spika zikae usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Mzee wa kofia alifumba macho. Hakunishukuru, na sikuhitaji shukrani.

Ni yeye aliyenisimulia kuhusu harusi yake. Alioa 1968, akiwa karani wa stesheni, na wimbo waliocheza usiku ule, yeye na mkewe, ulikuwa "He'll Have to Go". Hakuna aliyeelewa maneno vizuri. Ilitosha kwamba sauti ni ya upole. Miaka kadhaa baadaye, Kiingereza kikiwa kimekaa sawa, alikaa na kuusikiliza: mwanamume yuko baa, anampigia simu mwanamke anayempenda, naye mwanamke huyo ana mwanamume mwingine kando yake wakati huohuo. Anamwomba asogeze midomo kwenye simu na amwambie yule mwingine aondoke.

"Nikamwita mke wangu," aliniambia. "Nikamtafsiria neno kwa neno. Tuliucheza harusini wimbo wa kugombania mke!" Walicheka hadi majirani wakaja. Kisha wakaucheza tena hapo sebuleni, na wakaendelea kuucheza kila mwaka hadi mkewe alipofariki.

Nimesikia visa vya namna hiyo vingi. Watu waliupenda wimbo kwanza, maneno yakafika baadaye, na yalipofika hayakuuharibu. "Rivers of Babylon" ya Boney M ni tofauti, maana huo waliuelewa tangu siku ya kwanza. Ni Zaburi ya 137. Ulipotoka 1978 walikuwa tayari wanaijua kwenye Biblia yao: kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia. Boney M walikusanywa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, na wimbo wenyewe ulikuwa umeimbwa Jamaika mwaka 1970 na kundi la Melodians. Nikiuweka ukumbini, nusu ya wazee huuimba kwa Kiingereza na nusu kwa Kiswahili cha kanisani, juu ya mdundo uleule, na hakuna anayemkwaza mwenzake.

Kuna rekodi moja nimekataa kuipiga, na tulibishana juu yake. Mwaka 1981 ilitoka sahani ya Jim Reeves na Patsy Cline wakiimba pamoja. Hawakuwahi kurekodi pamoja. Patsy alikufa Machi 1963 katika ajali ya ndege, na Jim akafa Julai 1964 ndege aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilipoanguka karibu na Nashville kwenye dhoruba. Mafundi walizichukua sauti zao kutoka rekodi tofauti, wakazipanga, wakaweka ala mpya nyuma. Baadhi ya wazee wanaipenda na wanasema hakuna ubaya kuwakutanisha marehemu wawili. Ninawaheshimu, lakini nikiisikia naona kila mmoja anaimba akiwa peke yake chumbani, na mwenzake hamsikii. Wakiitaka sana, Mwalimu huwapigia kwenye simu yake.

Septemba 2017 Don Williams alipofariki, waliniomba saa nzima ya nyimbo zake na hakuna aliyesimama kucheza. Machi 2020 alipofariki Kenny Rogers, ukumbi ulikuwa umeshafungwa kwa sababu ya korona. Niliwatumia wimbo wa Tommy kwenye simu, kila mmoja kwake, mzima hadi mwisho. Mzee wa kofia alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Amemaliza." Alifariki mwaka uliofuata, usingizini. Mwanawe aliniletea ile kofia ya sufu, imekunjwa ndani ya gazeti. Iko juu ya kabati la mashine zangu.

Tuliporudi ukumbini tulikuwa wachache. Mama mmoja ambaye zamani hakuwa akizungumza nami sana alianza kukaa karibu na spika ya kushoto, na kila mara aliomba wimbo mmoja: "The End of the World" wa Skeeter Davis. Aliimba nao kwa sauti ndogo, lakini hakuimba wimbo kama ulivyozoeleka. Aliimba sauti ya pili. Aliniambia kwamba yeye na dada yake mkubwa waliuimba jikoni kwao wakichambua mboga, dada sauti ya kwanza, yeye ya pili, kama walivyosikia redioni kwa wale wanawake wawili.

Nikamsahihisha. Nilikuwa nimejifunza mengi na nilitaka ajue. "Ni mwanamke mmoja tu, Mama. Jina ni moja kwenye sahani."

"Wako wawili," alisema. "Nimeimba pamoja nao tangu nikiwa msichana."

Sikubishana. Lakini usiku ule niliuweka kwenye spika za masikioni, nikafumba macho, na nikawasikia. Wako wawili. Nikasoma, na nilichokisoma kilinikosesha usingizi.

Skeeter Davis jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mary Frances Penick, msichana wa Kentucky. Alikuwa na rafiki aliyeitwa Betty Jack Davis. Hawakuwa ndugu wa damu, lakini waliimba pamoja kwa jina la Davis Sisters, na huyu akachukua jina la ukoo la mwenzake. Mwaka 1953 wimbo wao wa kwanza mkubwa ulikuwa ndiyo unaanza kupanda. Wakiwa njiani kurudi nyumbani baada ya onyesho la usiku, gari lao likagongwa. Betty Jack akafa. Skeeter akaumia vibaya, na wimbo wao ukafika namba moja kwenye kantri mmoja wao akiwa kaburini. Miaka ilipopita, akiimba peke yake chini ya Chet Atkins, alikuwa anarekodi sauti ya kwanza, kisha anarudi kwenye kipaza sauti na kujiwekea ya pili. Ndivyo alivyoufanya na huu wa mwishoni mwa 1962. Na mtunzi wa maneno yake, Sylvia Dee, aliyachota kwenye majonzi ya kufiwa na baba yake, ingawa wengi wetu tulidhani ni wimbo wa mapenzi yaliyovunjika.

Jumapili iliyofuata niliwahi kufika. Mama alikuwa amewahi pia. Nilimsogezea kiti, nikamwambia, "Ulikuwa na haki, Mama. Nilikosea. Wako wawili, ila wote ni yeye." Nikamsimulia kama nilivyoweza.

Alinyamaza, akizungusha pete yake. Dada yake alifariki 1994, hilo nilikuwa nalijua.

"Kwa hiyo aliimba na sehemu ya mwenzake," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hebu uweke."

Niliuweka. Alisimama, akashika ukingo wa meza yangu, na alipoanza hakuimba sauti yake ya siku zote. Aliimba ya kwanza, ya dada yake. Ilikuwa juu kidogo kwake, ikamkwaruza kooni, akaendelea. Kuna mahali karibu na mwisho ambapo mwimbaji anaacha kuimba, anayasema tu maneno kama anayemuuliza mtu. Mama alinyamaza hapo, midomo ikimtembea. Kisha akaudaka mstari wa mwisho kwa sauti ya pili, yake mwenyewe, na akakaa nao hadi piano ilipopotea kabisa.

Sikugusa kitu. Akaketi, akainywa chai yake iliyokuwa imepoa, akajifuta usoni kwa pembe ya leso.

"Sasa weka Boney M," akasema. "Watu wameanza kuingia."